Thogoto kama darasa la ushirikiano wa misheni: tathmini kwa parishi zinazopokea wageni

Parishi nyingi za PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki) zenye marafiki ng'ambo hupanga ratiba ya wageni kwa mtindo ule ule. Wageni hupokewa uwanja wa ndege, huhudhuria ibada ya Jumapili, huonyeshwa darasa jipya au kisima, hupelekwa mbugani siku moja, kisha hupewa zawadi na kupigwa picha. Ni ukarimu wa kweli, lakini una pengo. Wageni hurudi kwao wakidhani urafiki huu ulianza siku mchungaji wao alipoandikiana na mchungaji wetu. Hawajui kwamba wameingia katika uhusiano uliopita miaka mia moja, wenye makaburi yake, ugomvi wake na upatanisho wake.

Thogoto, pale Kikuyu, ndipo mahali pa kuziba pengo hilo. Kanisa la Church of the Torch, makaburi ya wamisionari wa mwanzo, Hospitali ya PCEA Kikuyu, Alliance High School na Alliance Girls viko karibu kiasi kwamba mtu mwenye afya ya kawaida anaviona vyote kwa miguu. Kati ya vituo vyote vya urithi wa Kipresbiteri nchini, tunakiweka hiki nafasi ya kwanza kwa wageni wa ushirikiano, kwa sharti moja: ziara isimulie yote, yaliyovunjika pamoja na yaliyojengwa. Ziara inayosifu tu ni afadhali muda huo wageni wapumzike.

Kutoka katikati ya Nairobi ni takriban kilomita 20. Gari la kukodi hupita Waiyaki Way, au Southern Bypass ikiwa wageni wamelala upande wa Lang'ata na Karen. Asubuhi foleni kubwa ni ya wanaoingia mjini, kwa hiyo anayetoka Nairobi saa mbili huwa anakwenda kinyume chake. Chagueni siku kati ya Jumanne na Alhamisi. Jumamosi kuna harusi na mazishi, Jumapili kanisa ni la ibada, na Jumatatu ndiyo siku ambayo wachungaji wengi hupumzika.

Kosa la kwanza la waandaaji ni kuichukua Thogoto kama jumba la makumbusho lenye mlango, tiketi na saa za kufungua. Hapa ni mahali pa kazi. Karani wa parishi yenu amwandikie karani wa parishi ya pale wiki tatu kabla, nakala iende presbiteri (baraza linalosimamia parishi za eneo), na barua itaje idadi ya wageni, lugha yao, tarehe, saa, na jina la mzee atakayewaongoza. Hospitali inahitaji barua yake kwa uongozi wa hospitali, na kila shule barua yake kwa mwalimu mkuu. Barua moja kwa wote haifanyi kazi, kwa sababu kila taasisi ina bodi yake na wajibu wake kwa wagonjwa au wanafunzi. Oktoba na Novemba msiombe kuingia shuleni. Ni msimu wa mitihani ya taifa.

Kikundi kisizidi watu 12 kwa mwongozaji mmoja. Wakizidi, wagawanyeni na mpishanishe njia. Waongozaji bora ni wawili wakifanya kazi pamoja: mzee wa kanisa anayeijua historia, na mama wa Woman's Guild, umoja wa akina mama wa kanisa. Mzee peke yake huelekea kusimulia wachungaji na majengo, na akina mama, walimu na wainjilisti waliolibeba kanisa hili wakabaki nje ya hadithi.

Ziara nyingi huanza ndani ya kanisa. Tunapendekeza makaburi yatangulie, kwa sababu hapo ndipo gharama ya kazi hii inapoonekana. Misheni haikuanzia Thogoto. Ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikiongozwa na James Stewart aliyetoka Lovedale, Afrika Kusini, na fedha zilitoka kwa William Mackinnon na wenzake, watu wa kampuni ya Imperial British East Africa. Wageni waambiwe hili waziwazi: mfadhili wa kwanza wa kazi ya Kipresbiteri hapa alikuwa mfanyabiashara mwenye maslahi katika nchi hii. Malaria iliwaua wamisionari kadhaa wa Kibwezi, na mwaka 1898 Thomas Watson akahamishia kazi nyanda za juu za Kikuyu. Alifariki mwaka 1900. Mjane wake, Minnie Watson, angeweza kurudi kwao Dundee. Alibaki akifundisha mpaka 1931. David Clement Scott, aliyekuwa amejenga kanisa maarufu la Blantyre huko Malawi, alikuja baada ya Church of Scotland kuichukua misheni, akafariki 1907. Henry Scott aliyemrithi alifariki 1911. Viongozi watatu katika miaka kumi na mmoja. Dakika kumi na tano zinatosha hapa, na mwongozaji asiharakishe kimya kinachofuata.

Kutoka hapo nendeni kanisani. Jengo la mawe la Church of the Torch lilikamilika mwaka 1933, na tarehe hiyo ni muhimu kuliko maelezo yoyote ya usanifu, kama itakavyoonekana. Ndani, mwongozaji awaelekeze wageni kwenye vitu vitatu vya kila kanisa la Kipresbiteri: mimbari, meza ya ushirika na chombo cha ubatizo. Meza ni meza. Haiitwi madhabahu, kwa sababu Wanamatengenezo, Waprotestanti wa karne ya 16, walishikilia kwamba sadaka ya Kristo imetolewa mara moja tu na hairudiwi. Neno linasomwa na kuhubiriwa mbele ya watu wote katika lugha yao. Mambo haya yalitoka Geneva ya Calvin, yakapitia kwa John Knox na Bunge la Scotland la mwaka 1560, yakafika Kikuyu ndani ya masanduku ya wamisionari.

Urithi mwingine wa Matengenezo hauonekani kwa macho, nao ndio unaohusu ushirikiano moja kwa moja: mchungaji wa Kipresbiteri hana mamlaka ya peke yake. Anaongoza kikao cha wazee, kikao kinawajibika kwa presbiteri, na presbiteri kwa Mkutano Mkuu. Kule Scotland na Marekani ni vivyo hivyo. Makubaliano yaliyotiwa saini na wachungaji wawili walioshikana mikono hayana mizizi katika kanisa lolote kati ya hayo mawili. Mchungaji akihamishwa, nao uhamisho ni jambo la kawaida kwetu, urafiki unaondoka naye. Makubaliano yaliyojadiliwa na vikao viwili vya wazee, yakaandikwa katika kumbukumbu za vikao vyote viwili na kupelekwa presbiteri, huvuka uhamisho bila kutetereka. Tukiulizwa sababu kubwa ya sharika rafiki kupotezana, hii ndiyo tutakayoitaja kwanza.

Hapo hapo kanisani simulieni Juni 1913. Wajumbe wa misheni za Kiprotestanti, wakiwemo Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), Wapresbiteri, Wamethodisti na Africa Inland Mission, walikutana Kikuyu kutafuta shirikisho la makanisa. Mkutano uliisha kwa Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti. Askofu Peel wa Mombasa aliendesha ibada, Mpresbiteri akahubiri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia kwamba wasio Waanglikana walipewa mkate na divai, aliwashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, na mjadala ukatikisa Kanisa la Uingereza lote. Shirikisho kamili halikupatikana. Lakini mwaka 1918 misheni ziliunda muungano wao, na kutoka muungano huo ikazaliwa Alliance High School mwaka 1926. Baraza la kitaifa la makanisa, NCCK, nalo huhesabu mwanzo wake kutoka mkutano huo wa 1913. Wageni wengi hufurahia sehemu hii kuliko zote, na ni haki yao. Wasiishie hapo tu.

Mwaka 1926 unastahili dakika zake. Mwaka huo Agano Jipya la Kigikuyu lilitoka, Alliance ikafunguliwa, na Musa Gitau, Benjamin Githieya na Joshua Matenjwa wakawekewa mikono kuwa wachungaji wa kwanza Waafrika wa misheni hii. Maandiko, shule na uchungaji, vyote kwa mwaka mmoja. Mtu angedhani kanisa limeshika njia yake.

Miaka mitatu baadaye lilipasuka. Misheni ikiongozwa na Dkt. John Arthur, daktari aliyefika Kikuyu mwaka 1907, ilidai waumini na walimu waape hadharani kwamba wanakataa ukeketaji wa wasichana, na waliokubali walitia alama ya kidole gumba. Watu wengi mno waliondoka. Shule za misheni zilibaki tupu, shule huru zikaanzishwa, wimbo wa Muthirigu, wa kuwakejeli wamisionari, ukaimbwa kijiji hadi kijiji. Mwongozaji asilainishe jambo hili, wala asiwaache wageni wakilielewa nusu. Kanisa leo linapinga ukeketaji, na sheria ya Kenya inaukataza. Kilichovunja ushirika mwaka 1929 ni namna uamuzi ulivyofikiwa: kiapo kilitoka juu, mishahara na shule vikatumika kama nguvu ya kulazimisha, na hofu ya watu kuhusu ardhi yao haikusikilizwa. Sasa itazameni tena 1933. Kanisa hili kubwa lilikamilika wakati jeraha lile lilikuwa bado bichi. Simameni ndani yake mkijua hivyo, nanyi mtaliona kwa jicho jingine.

Kutoka kanisani hadi hospitali ni mwendo mfupi. Msipite wodini. Wageni wenye kamera kati ya vitanda vya wagonjwa ni jambo baya hata wakiwa na nia njema, na idhini ya mgonjwa anayesubiri matibabu haiwezi kuitwa idhini huru. Ombeni nusu saa na mtu wa utawala au fundi wa vifaa. Mazungumzo hayo yatawafaa kuliko picha mia.

Mwulizeni fundi kuhusu vifaa vya msaada, kisha mpelekeni mgeni mwenye nia ya kutuma kontena asome kibandiko kilicho nyuma ya mashine yoyote. Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Wa Scotland ni volti 230, hezi 50, na plagi zao za pini tatu ni sawa na zetu, kwa hiyo kifaa cha Glasgow kwa kawaida huchomekwa kikafanya kazi. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Kibandiko kikisomeka 100–240V, 50/60Hz, mashine inafaa. Kikisomeka 120V, 60Hz pekee, kataeni kwa upole. Transfoma itashusha volti, lakini haigusi hezi: mota ya kawaida ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17 na kupata joto kupita kiasi. Kitanda cha umeme, pampu na mashine ya kuzungushia damu ya maabara vyote vina mota. Stoo nyingi za hospitali za misheni zimejaa kwa sababu hakuna aliyesoma kibandiko kabla ya kupakia.

Dawa zina kanuni yake: mwongozo wa WHO unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini. Na kontena lenyewe lina hesabu yake. La futi 20 lina takriban mita za ujazo 33, la futi 40 takriban 67, na nafasi inayobaki baada ya vifaa muhimu hushawishi watu kujaza nguo na vitabu vya zamani. Kataeni pia. Orodha ya vitu na thamani zake, barua ya zawadi na kibali cha msamaha wa kodi lazima viwe mkononi kabla meli haijaondoka. Karatasi zikichelewa, kontena hukaa Mombasa likitozwa ada ya bandari na ya mwenye kontena kila siku, na gharama hiyo haimrudii aliyetuma. Inaiangukia parishi iliyopokea.

Alliance inaweza kupitwa haraka, hasa kama shule haijaruhusu kuingia. Jambo moja lisemwe getini. Katika miaka ya 1920 Dkt. Arthur, mmisionari mzungu, ndiye aliyeteuliwa kusemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1944 kiti cha kwanza cha Mwafrika katika baraza hilo kilikaliwa na Eliud Mathu, mwanafunzi na mwalimu wa Alliance. Jomo Kenyatta naye alisoma katika misheni hii ya Thogoto na kubatizwa hapa mwaka 1914 kama Johnstone Kamau.

Kipande cha mwisho ndicho ambacho waandaaji wengi hukiacha, nacho ndicho kinachoifanya safari iwe na thamani: kikao cha saa mbili, chai ikiwepo, wazee wa parishi yenu na wageni wakiwa meza moja. Kifunguliwe kwa habari za John Gatu. Mwaka 1971, akiwa katibu mkuu wa PCEA, alisimama Milwaukee mbele ya Wakristo wa Marekani akawataka wasimamishe kutuma wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yapate kusimama yenyewe. Mwaka 1974 Kongamano la Makanisa ya Afrika Yote mjini Lusaka liliunga mkono wito huo. Jitegemea, wito ambao kila mshiriki wa PCEA anaujua, ulitoka katika fikra hizo. Wageni huuliza kama Gatu alikuwa anakataa urafiki. Alikuwa anautafuta: aliona kwamba anayepokea daima na anayetoa daima hawawezi kuwa marafiki.

Baada ya hapo andikeni rasimu. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Itaje muda wa makubaliano, na miaka mitatu ndiyo bora: mmoja ni mfupi mno kwa mradi wowote, mitano huwafunga watu ambao hawatakuwepo. Itaje kila upande unatoa nini, na upande wetu usiandikiwe "shukrani". Tuna wahubiri, kwaya, mafunzo ya wazee, ibada za nyumbani za wilaya za kanisa, na uzoefu wa kuendesha kanisa kwa sadaka za watu wa kawaida. Makanisa mengi ya Scotland yanayofunga milango yanavihitaji hivyo. Ziara ziende pande zote mbili, na bajeti ya viza iandikwe mapema, kwa sababu ombi la viza la mshiriki wetu huchukua muda na ada hairudishwi akikataliwa.

Kwenye fedha kuweni wakali. Akaunti iwe ya parishi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Mgeni asimpe mtu fedha mkononi, hata mchungaji, hata kwa huruma. Zawadi ya pembeni huzaa manung'uniko yatakayodumu kuliko mradi. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni. Ahadi ikitolewa kwa dola na fundi akalipwa kwa shilingi, tengeni asilimia kumi ya bajeti kwa mabadiliko ya bei. Kila mradi wa kitu kinachoharibika, kama pampu, paneli za sola au kompyuta, utaje jina la atakayelipia matengenezo mwaka wa pili. Nafasi hiyo ikibaki tupu, mradi usianze.

Mambo madogo yanayoharibu siku: mkalimani asiyeandaliwa, maana hotuba ya dakika 20 ikitafsiriwa ni dakika 40, kuanza saa tano badala ya saa tatu, ambako hukifuta kikao cha mchana, na kuwajaza wageni chakula katikati ya ziara hadi makaburi na kanisa vikawa mambo ya kupita. Mlo mkuu uwe mwisho.

Kwa wenye siku zaidi, St Andrew's Nairobi inaonyesha upande mwingine: usharika ulioanza mwaka 1908 kwa ajili ya Waskoti walowezi, uliojiunga na kanisa la Waafrika mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, na kuwa kanisa moja. Tumutumu, karibu na Karatina, kituo cha tangu 1908, ni patulivu na panafaa kikundi kidogo kinachotaka kulala na kuomba. Chogoria, alikofika Dkt. Clive Irvine mwaka 1922, ni mbali kwa safari ya siku moja. Iwekeni kwa wageni wanaopanda Mlima Kenya. Wanaoteremka Mombasa kwa barabara wapite Kibwezi. Mazungumzo ya huko yaanze na fedha za Mackinnon, na mzee atakayeongoza aarifiwe mapema kwamba kikundi kimeshapita Thogoto.